HOMA YA MTUMIA UNGA SI YA KUDHARAULIWA



Limezoeleka neno mabarazani mwetu, nasi twaona halifai kunyamaziwa. Kijana mtumia unga akishikwa na homa, watu husema: "Mwacheni, ni arosto hiyo." Twasema neno hilo laweza kuua.

Moyo wa mwanaadamu una vyumba vinne na milango minne, ambayo madaktari huiita vali. Kazi yake ni kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Mtu ajidungapo heroini kwa sindano chafu, vijidudu vya ngozini au vya ndani ya bomba huingia mshipani. Damu hiyo hurejea moyoni kwa upande wa kulia, na vali ya upande huo ndiyo mara nyingi ishambuliwayo. Vijidudu hujenga hapo na kuila. Vipande humeguka vikaenda mapafuni. Na iliyoliwa ikiwa ni vali ya kushoto, huweza kufika ubongoni vikaleta kiharusi.

Dalili zake ni homa, baridi ya kutetemeka, jasho la usiku, kikohozi na kukosa pumzi. Arosto hupungua baada ya siku chache. Maradhi haya yasipotibiwa huzidi. Dawa hutiwa mshipani kwa majuma manne hadi sita, na pengine hapana budi kupasuliwa ili vali itengenezwe au ibadilishwe. Ni mkulima gani wa karafuu, au mchuuzi gani wa samaki, awezaye gharama hizo?

Tangu mwaka 2015 methadoni hutolewa Kidongo Chekundu, Unguja. Dawa hiyo hunywewa, kwa hiyo huiondoa sindano mkononi. Twaitaka Serikali imfikishie kila aihitajiye, Unguja na Pemba, na asiyeweza bado kuacha apewe sindano safi. Wako watakaosema kwamba huko ni kusaidia haramu. Twawajibu: aliye hai huweza kutubu, maiti hana tena nafasi hiyo.

Nanyi wanachama, msingoje Serikali. Kila tawi liwajue vijana wake. Akishikwa mmoja na homa, mchukueni hospitali siku ile ile, na daktari aelezwe bila ya kuficha kwamba hujidunga, maana asipoambiwa huenda akamtibu malaria, na vali ikaendelea kuliwa. Kijana huyo ni mtoto wetu, hata kama jana alituibia.