Kuuza na Kubaki na Ufunguo

Mwezi wa Julai, mwaka 2009, wasomaji wa Marekani waliviwasha vifaa vyao vya Kindle wakakuta vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, havimo tena. Amazon, kampuni iliyowauzia, ndiyo iliyovifuta kutoka mbali, bila ya kubisha hodi. Fedha zao zilirejeshwa. Mwanafunzi mmoja alibakiwa na maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya masomo, yakiashiria kurasa zisizokuwapo. Alishitaki, na kesi ikamalizwa kwa dola 150,000.

Watetezi husema aliyevipeleka vitabu hivyo dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Ni kweli, wala si hoja. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, ingali makabatini mwa watu. Hata ungezuka ugomvi juu ya haki zake, wa kushitakiwa angekuwa mchapishaji. Hakimu gani angemtuma mtu aingie chumbani usiku, aichukue, aache noti juu ya mto?

Jeff Bezos aliomba radhi, akakiri kuwa lilikuwa tendo la kipumbavu. Uwezo wenyewe hakuuachia. Februari 2025 kampuni hiyo hiyo iliifunga njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya; na dukani mwake Marekani huandikwa kwamba anachopata mteja ni leseni tu. Basi neno “nunua” na liondoke kwenye kitufe, na bei nayo ishuke iwe ya kuazima.