Msimbo Usioandikwa na Mtu

Katika lugha ya Java, data iliyofichwa ndani ya programu kwa kawaida huandikiwa vijisehemu viwili: kimoja cha kuisoma na kingine cha kuibadili. Data ishirini, vijisehemu arobaini vinavyofanana kama mapacha. Si ajabu basi kwamba zana za kuhariria msimbo, Eclipse ikiwemo, huvizalisha vyote kwa mbofyo mmoja.

Nafuu hiyo haina ubishi. Hata hivyo, data ilifichwa kwa nini? Salio la akaunti ya benki, kwa mfano, lafaa kusomwa; lakini lisibadilike ila kwa kuweka au kutoa fedha. Mwanafunzi anayebofya bila kuchagua huiruhusu programu nzima kuliandika salio ipendavyo. Ukuta ameujenga, mlango ameuacha wazi.

Aidha, urudiaji huo ni upungufu wa lugha yenyewe. Mwanaisimu hatashangaa: palipo na kiambishi, sentensi nzima haihitajiki. C# ilipata njia ya mstari mmoja mwaka 2007. Java nayo, katika toleo la 16 la mwaka 2021, ilithibitisha muundo wa rekodi, ambao hujizalishia vijisehemu vya kusoma pekee. Kwa data isiyostahili kubadilishwa, hakuna tena cha kubofya.