MGENI ALIYEPEWA JEMBE

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika ghuba ya Saldanha, pwani ya magharibi ya Afrika Kusini, yuko mgeni aliyepewa jembe akalipokea. Lakini pia amewanyang'anya wenyeji makao yao. Naye ni kome wa bahari ya Mediterania, mnyama mdogo mwenye magamba mawili meusi. Alionekana huko mwaka 1979, na wataalamu wanadhani ya kuwa aliletwa na meli. Hakuna aliyemwalika.

Tangu hapo ameenea katika miamba ya pwani kwa zaidi ya kilometa 2,000, hata akafika Namibia. Hukua upesi kuliko kome wa asili, huzaa zaidi, na huvumilia jua maji yanapokupwa. Kwa hiyo wenyeji wamesukumwa kando, na konokono wanaohitaji mwamba mtupu wamepungukiwa nafasi.

Walakini haki yatutaka tutazame na upande wa pili. Tangu miaka ya 1980 wafugaji wa Saldanha hutundika kamba majini; kome wachanga hujishikiza wenyewe, wakakua pasipo kulishwa, maana huchuja chakula chao katika maji. Kazi hiyo yaleta chakula na mishahara.

Wako wasemao kome huyo aangamizwe. Haiwezekani: watoto wake huchukuliwa na mikondo ya bahari kwa majuma. Wako wengine wasemao kwamba, maadamu aleta fedha, malalamiko yote ni upuuzi. Sisi hatukubaliani nao wote wawili. Kumwachisha kazi mvuta kamba hakutarudisha mwambani hata kome mmoja wa asili. Lakini faida ya ghuba moja si ruhusa ya kumpeleka mnyama huyo katika kila pwani. Alipokwisha kukaa, na afugwe, asipofika, asiletwe.

Kome huyu hupenda maji ya baridi, wala si lazima afike kwetu. Somo lake, hata hivyo, ni letu. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Akajenga viwanda vya minofu na kuleta fedha za kigeni; na furu wa aina nyingi wakatoweka. Mwenye kiwanda alihesabu faida. Mama aliyekausha furu akauze sokoni alihesabu hasara. Hesabu hizo mbili hazikuwekwa mezani pamoja kabla samaki hajamwagwa ziwani.

Twasema basi: ziwekwe pamoja. Yeyote atakaye kuleta mnyama mgeni wa kufuga baharini apimwe kwanza na wataalamu, na wavuvi pamoja na akina mama wanaookota chaza maji yakupwapo wasikilizwe kabla ya kibali, si baada yake. Tena meli huchukua maji ya bandari moja kusawazisha uzito wake, zikayamwaga katika nyingine pamoja na vijidudu vyake. Mkataba wa mataifa juu ya maji hayo ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kutumika mwaka 2017. Mkataba usiosimamiwa gatini ni karatasi tu. Wafanyakazi wa bandari za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam ndio walinzi wa mlango huu: wafundishwe kazi hiyo, wapewe vyombo, na neno lao liheshimiwe.

Mgeni hupewa jembe baada ya kubisha hodi, si baada ya kuvunja mlango.