Njia za Pikipiki Nazo Zipewe Fedha za Umma



Msimu wa mvua sisi tunaochuma chai tunaujua. Lori halifiki, majani yanakaa kando ya njia mpaka yanashika joto, na yakifika kiwandani karani anapunguza kilo. Mvua ni ya Mungu, lakini kilo zinazokatwa ni zetu. Hilo tumeligomba na wakubwa mara nyingi na tutaendelea kuligomba. Leo tunataka kusema juu ya njia nyingine, ile ndogo inayotoka layini kwenda kukutana na barabara ya gombolola, ambayo lori halikupita hata siku moja wala halitapita.

Hiyo ndiyo njia yetu hasa. Watoto wanaipita kwenda shule, unga na sabuni vinaingia kwa njia hiyo, wenzetu wa zamu ya usiku wanarudi kwa njia hiyo, na mgonjwa anatolewa kwa njia hiyo. Zamani ilikuwa ya miguu, halafu ikawa ya baiskeli. Leo ni ya pikipiki. Boda boda ilianzia kule Busia mpakani, kwa baiskeli za kuvusha watu na mizigo, na sasa hakuna layini isiyo na vijana wawili watatu wenye pikipiki. Pikipiki moja ndiyo basi letu, ndiyo lori letu, ndiyo gari letu la wagonjwa. Lakini njia imebaki ileile iliyokanyagwa na wazee wetu walipokuja kutafuta kazi kutoka Kigezi na Rwanda.

Mwezi wa Novemba mwaka 2023, katika shamba moja upande wa Toro, mwenzetu mchumaji alishikwa na uchungu wa kuzaa saa nane za usiku. Kijana wa boda alimpakia pamoja na mama mkwe wake wakaenda mpaka bonde la mafunjo. Hapo pana magogo matatu ya mkaratusi yaliyolazwa juu ya maji, na moja lilikuwa limeoza. Pikipiki haikuweza kupita. Kijana akarudi mbio kuamsha wanaume, na mama akabebwa kwa machela, ile ambayo ndugu wa Kigezi wanaiita engozi, hadi barabarani. Ni mwendo wa kilomita 4, usiku, kwenye utelezi. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa wakubwa wa mahali kuomba daraja dogo. Tulijibiwa kwa upole kabisa: hiyo si barabara, haimo katika daftari. Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike. Hatukuambiwa kwamba fedha zimekwisha, wala kwamba tungoje zamu yetu. Tuliambiwa kwamba mahali tunapopita kila siku, kwa hesabu za serikali, hapapo.

Tazameni hesabu yenyewe ya barabara za Uganda. Barabara za taifa ni kama kilomita 21,000. Za wilaya ni kama kilomita 38,000. Zile ndogo za jamii, zilizo mikononi mwa gombolola, ni kama kilomita 80,000, yaani nusu ya barabara zote za nchi. Na nusu hiyo ndiyo inayopata makombo. Njia yetu ya bonde la mafunjo haimo hata katika hizo 80,000. Iko chini ya makombo.

Sasa tuulize, ni nani anayelipa? Hapa hesabu ya darasa la saba inatosha. Mwaka 2021 serikali ilitaka kila pikipiki ilipe leseni ya shilingi 50,000 kwa mwaka. Watu walipiga kelele, Bunge likaikataa, na badala yake ikaongezwa shilingi 100 juu ya kila lita ya mafuta. Wengi walishangilia. Chukueni kijana wa boda anayechoma lita 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Ile shilingi 100 peke yake inamfanya alipe shilingi 120,000. Ni zaidi ya mara mbili ya leseni iliyokataliwa, na bado hatujagusa ushuru wenyewe wa petroli ambao unapita shilingi 1,000 kwa lita. Kijana huyo hazitoi mfukoni mwake. Anaziweka katika nauli, na nauli anailipa mchumaji. Kwa hiyo tukisema kwamba mchumaji wa chai analipia barabara za nchi hii, hatusemi kwa mfano. Analipa kila apandapo.

Sheria ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Barabara ili fedha zinazotozwa watumiaji wa barabara zirudi kutengeneza barabara. Lakini ushuru wa mafuta haukuwahi kuingia moja kwa moja katika mfuko huo. Ulipitia hazina, na mfuko ukapewa kile ambacho hazina imependa kutoa. Mwaka 2024 ikaamuliwa kwamba kazi za mfuko na za mamlaka ya barabara zirudishwe wizarani. Sisi hatulilii ofisi iliyovunjwa. Tunauliza tu lile wazo liko wapi, kwamba alipaye kwa ajili ya njia apate njia.

Na wazo hili si la wanyonge peke yao. Tuwaeleze habari ya Marekani, wala msicheke. Kule kuna watu wanaoendesha pikipiki na magari ya porini kwa kujifurahisha tu. Jumamosi wanapakia pikipiki nyuma ya gari, wanakwenda jangwani au milimani, wanarusha vumbi, jioni wanarudi nyumbani. Hakuna mgonjwa wala mzigo. Watu hao walikaa wakapiga hesabu kama tuliyoipiga sisi hapo juu. Walisema: petroli tunayochoma porini imetozwa kodi ya barabara kuu, na sisi barabara kuu hatukuitumia, basi kodi hiyo itengeneze njia zetu.

Walisikilizwa. Jimbo la California lilitunga sheria yake mwaka 1971, na fedha za kodi ya mafuta zikaanza kwenda kwenye viwanja na njia za magari ya porini. Mwaka 1991 serikali kuu ya Marekani nayo ikaweka mfuko wa njia kwa nchi nzima. Katika mafungu kumi ya fedha hizo, matatu ni ya njia za pikipiki na magari, matatu ni ya waendao kwa miguu, baiskeli na farasi, na manne ni ya njia za kutumiwa kwa pamoja. Kwa miaka mingi fungu lote limekuwa kama dola milioni 84 kwa mwaka. Walipata hayo kwa vyama vyao, kwa barua, na kwa kwenda mbele ya wabunge wao na tarakimu mkononi.

Hatuwaonei wivu starehe yao. Lakini ikiwa kodi ya mafuta inaweza kumtengenezea njia mtu anayekwenda kucheza, hatuoni ni kwa sababu gani isimtengenezee njia mama anayekwenda kujifungua.

Tunayodai si makubwa. Njia ya pikipiki haihitaji lami wala greda. Inataka upana wa mita moja na nusu hivi, mifereji ya kutoa maji pembeni, mawe yaliyopangwa mahali pa mteremko mkali, makaravati madogo, na daraja jembamba la zege penye bonde. Ni kazi ya majembe, sururu na mafundi wawili watatu. Kule Liberia, baada ya vita, katika jimbo la Nimba, njia za miguu zilipanuliwa kwa namna hiyo mpaka pikipiki zikapita. Vijiji ambavyo vingengoja barabara ya gari kwa miaka mingi vikapata njia. Mahali pabaya pakishatengenezwa, sehemu nyingine ya njia mara nyingi inajiweza yenyewe. Si kilomita zote 4 za kwetu zilizo mbovu. Yule mama alikwamishwa na hatua kumi za maji.

Hapa lazima tuseme kosa letu. Kwa miaka mingi chama kilipopeleka maombi kiliomba barabara kubwa, ya changarawe, ya kupita malori. Iliandikwa vizuri, ikapigwa mihuri, ikapotea. Tuliona haya kuomba njia ya pikipiki, kana kwamba tungejishusha. Mwenye shamba hakuona haya kuomba ya lori, kwa kuwa lori lilikuwa lake. Sisi tulikuwa tukimwombea yeye.

Wako watakaosema mnalo bulungi bwansi, shikeni majembe mjitengenezee. Tulishika. Yale magogo matatu tuliyaweka sisi wenyewe, siku ya Jumapili, baada ya siku sita za kuchuma, na la kwanza lilioza kabla ya miaka miwili kwa sababu mkaratusi mbichi haufai majini na sisi hatukuwa na saruji. Kujitolea hatukukatai. Tunachokataa ni kulipa kwenye kituo cha mafuta, halafu tuitwe kulipa tena kwa migongo. Na kazi ya kutengeneza njia ikiletwa, iwe ya mshahara, na vijana na akina mama wa layini waandikwe kwanza.

Wengine watasema njia iliyo ndani ya shamba ni kazi ya tajiri. Ni kweli, na asiponyoke. Barabara za ndani ya mashamba, za kukusanyia majani, azitengeneze yeye kwa faida yake. Tena tuwe macho, maana tunajua jinsi fedha za umma zinavyoweza kuteleza zikamtengenezea tajiri njia zake. Kwa hiyo sharti letu liwe moja na lisilegezwe: njia itakayopata fedha za umma iandikwe kuwa njia ya umma, isiwe na lango wala askari wa kuuliza unakwenda wapi saa nne za usiku. Tajiri anayetaka lango lake na alipe mwenyewe.

Juu ya ajali hatutadanganya. Pikipiki zinaua, na vijana wetu wanapakia watu watatu bila kofia. Njia nzuri inaweza kuongeza mbio. Jambo hili matawi yalizungumze na vijana wenyewe, kwa ukali wa ndugu na si wa polisi. Na njia zisikate ndani ya misitu ya hifadhi. Hata kule Marekani magari ya porini yaliharibu ardhi mpaka rais wao, Nixon, akatoa amri mwaka 1972 kwamba katika ardhi ya umma yapangiwe mahali pa kupita na mahali pa kutopita. Sisi hatutafuti njia mpya za kufyeka msitu. Tunataka zile zinazopitwa tayari.

Basi kazi iliyoko ni hii. Mikutano ya bajeti ya wilaya hufanywa miezi ya Oktoba na Novemba, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayekwenda kulalamika mwezi wa Juni ameshachelewa. Kila tawi lichague watu wanne, na kati yao wawepo mchumaji mmoja wa kike na kijana mmoja wa boda, wapime njia zao, wahesabu mahali pabaya, waandike ni wangapi wanapita kwa siku moja ya kazi na kwa siku moja ya soko. Karatasi hiyo ipelekwe kwanza gombolola, na neno la kwanza la kudai liwe kwamba njia iandikwe katika daftari. Ikishaandikwa, hakuna atakayetuambia tena kwamba haipo, na hapo ndipo ugomvi wa fedha unaweza kuanza. Mkijibiwa kwa mdomo, ombeni jibu la barua.

Tawi letu limekwisha kupima njia tatu, kwa kamba ya mita 50. Ile ya bonde la mafunjo ina mita 4,150 na mahali pabaya panne. Siku ya soko tulikaa pale kwenye magogo tangu alfajiri mpaka jioni tukahesabu pikipiki 63 na watu wa miguu 412, wengi wao wakiwa na mizigo kichwani. Daftari liko kwa katibu wa tawi. Matawi mengine yalete ya kwao kabla ya mwisho wa Septemba, ili tuingie katika mkutano wa wilaya na karatasi moja.