Bunduki ya Shabaha na Kibubu cha Nyumba



Majuma mawili yaliyopita tulialikwa Mugutha, kule baina ya Ruiru na Thika, kufungisha nikaha ya kijana wa Kimombasa aliyehamia bara kwa ajili ya kazi. Walima ulipokwisha, wageni wakiwa bado wanakunywa kahawa, binti yetu mmoja ambaye hulisoma gazeti hili tangu alipokuwa Kisauni alitujia na swali ambalo katika miaka yote ya kuandika safu hii hatukupata kuulizwa.

“Sheikh wetu,” akasema, “baba watoto ataka kununua bunduki. Si ya kujilinda wala si ya kuwinda. Ataka kwenda kupiga shabaha siku za mapumziko. Asema ipo ya bei nafuu. Mimi naona kibubu chenda kuvunjwa, na karo ya muhula ujao haijatimia. Je, nimkatalie?”

Mumewe alikuwa karibu akisikia, wala hakukasirika. Alitujibu kwa adabu kwamba bei anaimudu, na kwamba mchezo wenyewe umo katika Sunna. Tukamwahidi kwamba majibu yetu atayasoma hapa, kwa kuwa tunadhani si yeye peke yake.

La Sunna halina urefu. Ni kweli kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza kulenga kwa mishale, na hadithi ya Uqba bin Amir iliyomo katika Sahih Muslim ni mashuhuri. Lakini yeye huyo huyo aliyehimiza alimwamuru apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike penye ncha zake asije akamjeruhi mtu, na alionya vikali juu ya kumwelekezea ndugu yako silaha hata kwa mzaha. Mwenye kuichukua ile ya kwanza na azichukue na hizi. Mchezo ni halali. Tunachokiogopa ni mghafala na israfu.

Tuje kwenye bei, ambako ndiko kwenye mambo. Kabla ya bei, hata hivyo, iko sheria. Nchini Kenya bunduki haiendewi dukani kama cherehani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mtu awe na cheti kutoka Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, na cheti hicho hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi anachoruhusiwa mwenyewe. Bodi huangalia sababu ya mwombaji, na inaweza kumnyima mlevi, asiye timamu wa akili, au yeyote inayemwona hafai. Basi ndugu yetu asitoe hata shilingi moja ya arubuni kabla ya kujua kama atapewa cheti. Na asidhani kwamba bunduki ya upepo ni kitu cha kuchezea watoto, akainunua bila kuuliza. Nayo aiulizie huko huko kwenye Bodi.

Akisha kuruhusiwa, achague nini? Yeye ametaja ile ya kuvuta komeo kwa mkono, ambayo ukivuta ganda hutoka na ukisukuma risasi nyingine huingia. Wazee waliopata kuwaona askari wa KAR wataikumbuka .303 ya Kiingereza iliyokuwa na komeo la namna hiyo. Katika hili tunamuunga mkono. Mtambo wake ni mwepesi kuufahamu, hauna vipuri vingi vya kuharibika, na humlazimisha mpigaji kutulia baina ya risasi na risasi. Tena komeo likivutwa nyuma, kila aliyesimama karibu huona kwamba chumba ki wazi.

Alipokosea ni katika ukubwa. Alikuwa ameitia moyoni bunduki ya .308, kwa kuwa rafiki yake amempigia hesabu ya ile iliyotumika. Sisi twasema aanze na .22, ile ndogo ambayo fataki yake imo katika ukingo wa kitako cha risasi. Risasi ya namna hii imekuwapo tangu 1887, na mpaka leo ndiyo inayotumika katika mashindano ya bunduki ya mita 50 kwenye Michezo ya Olimpiki, ambako duara la kumi lina upana wa milimita 10.4 tu. Anayedhani kwamba ni ya kitoto na ajaribu kulipata duara hilo mara kumi mfululizo. Uwindaji nao ulipigwa marufuku nchini tangu 1977. Sasa hiyo bunduki kubwa ataipigia nini isipokuwa karatasi ile ile?

Na hapa ndipo kibubu kinapohusika. Bunduki hununuliwa mara moja, lakini risasi hununuliwa kila mwezi. Mtu akienda uwanjani mara mbili kwa mwezi, na kila mara akapiga boksi mbili za risasi hamsini hamsini, kwa mwaka amepiga risasi 2,400. Risasi moja ya .308 aghalabu hugharimu mara kumi ya .22, au zaidi. Kwa hiyo bunduki kubwa ya bei ya kutupa yaweza, kabla mwaka haujatimia, kumla mtu kuliko ndogo aliyoinunua mpya. Rafiki yake hakuitia hesabu hiyo katika karatasi yake. Wala hakulitia sanduku la chuma la kufungia silaha, ada za cheti na za klabu, viziba masikio, miwani ya kukinga macho, na nauli.

Kuhusu majina, CZ ya Jamhuri ya Cheki ina sifa ya zamani kwa bunduki hizi ndogo, na zile kongwe zilizoandikwa BRNO bado zatafutwa na wajuzi. Savage Mark II, itengenezwayo Kanada, ni ya bei ya chini. Huko Marekani ya kawaida imekuwa ikiuzwa kwa takriban dola 200 hadi 300. Bei ya kwetu ni nyingine, kwa kuwa hupitia kwa muuzaji mwenye leseni, tena ushuru na usafiri huongezeka juu yake. Lakini mpangilio ni ule ule: Savage kwa mwenye mfuko mwepesi, CZ kwa mwenye subira ya kudunduliza. Zote mbili hulenga vizuri kuliko mpigaji mgeni.

Akipata iliyotumika, asitazame mng'aro wa mti wake. Atoe komeo, achungulie kasiba kutoka nyuma mpaka mdomoni, akitafuta kutu. Nasi watu wa pwani twajua hewa ya chumvi inavyokula chuma. Aiweke begani aone kama jicho lake laangukia penye shabaha bila kunyosha shingo. Isiyomkaa mwilini ni hasara hata akipewa bure. Darubini ya juu si lazima mwaka wa kwanza.

Udogo wa .22 usimdanganye mtu. Risasi yake yaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, nayo huua. Mugutha tuliyoiona ni nyumba za kupanga zilizobanana. Hakuna nyuma ya nyumba palipo salama kwa mchezo huu. Njia ya kutoka Ruiru kwenda Kiambu yampitisha Kirigiti, ambako kuna uwanja wa shabaha. Huko michezo ya bastola ndiyo iliyoshamiri, basi atangulie kuuliza kuhusu bunduki ndefu, na akae siku moja atazame tu. Sisi wenyewe tulipowahi kwenda kutazama katika uwanja mmoja, tuliulizwa kama twataka kuishika bunduki tupu. Tukaishika, tukageuka nayo ili tumjibu mwenzetu, na msimamizi, kijana wa umri wa wanafunzi wetu, akatukaripia mbele ya watu. Alikuwa na haki. Tuliirudisha mezani na hatukuomba tena.

Sasa nyumbani. Binti yetu alipendekeza komeo litolewe na yeye alitunze kabatini mwake, mbali na bunduki. La kutenganisha ni wazo jema, lakini la kulitunza yeye hapana: cheti ni cha mtu mmoja kwa jina lake, na sheria humtaka huyo huyo aiweke silaha mahali pa salama wakati wote. Basi sanduku liwe limefungwa ukutani kwa skrubu, komeo na risasi viwe katika kisanduku kingine chenye kufuli, na funguo zote ziwe kwa mumewe, si juu ya friji wala ndani ya kikombe cha kabatini. Watoto hujua viliko vitu vyote vya nyumba. Arudipo uwanjani aoge mikono na kubadili shati kabla ya kumbeba mtoto, kwa maana risasi ni madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto hasa.

Kama sanduku hilo halijapatikana, bunduki isinunuliwe. Na kama karo haijatimia, tumemwambia wazi kwamba nafaka ya nyumba hutangulia mchezo, hata uwe halali namna gani. Amekubali kungoja mpaka Januari, na pesa za kibubu zimebaki zilipo.

Binti yetu alituuliza jambo moja zaidi tulipokuwa twapanda gari: kama bunduki itakuja, je, naye anaweza kujifunza? Bila shaka anaweza, chini ya mwalimu na kwa idhini ya sheria kama mumewe. Wanawake wana mashindano yao ya bunduki katika Olimpiki tangu 1984, na mwaka 2012 mjini London aliyebeba bendera ya Qatar alikuwa mlenga shabaha Bahiya al-Hamad, akiwa na mtandio wake kichwani. Mtandio na ufungwe vizuri shingoni, kwa kuwa ganda la risasi hutoka likiwa la moto.