Mugabi Hayuko Tano Bora. Dick Tiger Yuko. Kuja Tubishane



Jumamosi mvua ilinifungia kwa kibanda cha chai hapa Ndanai. Watu wa boda walikuwa wamejaa humo, na kama kawaida mabishano yakaanza: ni nani bondia mkali zaidi wa uzani wa kati katika historia? Mimi nikasema sijui nani namba moja kwa uhakika, lakini Dick Tiger lazima aingie tano bora. Kibanda kizima kikacheka. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana, kama unatafuta Mwafrika si uweke Mugabi? Huyo mwingine ni nani?"

Hawakuniacha nimalize. Kwa hivyo namalizia hapa.

Uzani wa kati ni pauni 160, kama kilo 72 na nusu hivi. Si wale majitu wa uzani wa juu wanaoshikana wakihema. Hapa mtu ana nguvu ya kukulaza na bado ana mbio. Ndiyo maana orodha yake ni ngumu kupanga, na ndiyo maana tunaipanga vibaya.

Sisi watu wa huku tunajua kupanga wakimbiaji. Hakuna mtu wa Bomet au Kericho atakuambia Haile Gebrselassie na Kenenisa Bekele si kitu kwa sababu ni Waethiopia. Hao wawili wametuumiza miaka mingi, na heshima yao tunawapa. Tunauliza maswali matatu tu: ulimshinda nani? Ulikaa juu muda gani? Ulipopigwa, ulirudi? Lakini tukifika kwa ndondi, akili tunaiacha mlangoni. Nusu yetu tunashangilia bendera. Nusu nyingine tunanakili orodha za Wamarekani, hata majina hatuyajui.

Tuanze na wa bendera. John Mugabi, "The Beast", wa Uganda. Nampenda. Fedha ya Olimpiki Moscow 1980, kisha akaingia ndondi za kulipwa na kuanza kuangusha watu. Alipopanda ulingoni na Marvin Hagler, Las Vegas, Machi 10, 1986, hakuwa amepoteza hata pambano moja la kulipwa, na wote aliokutana nao aliwamaliza kabla ya kengele ya mwisho. Usiku ule alimpa Hagler kazi ngumu sana. Tafuta hilo pambano utazame, ni vita. Lakini raundi ya 11 Mugabi alilala.

Sasa mniambie ukweli. Mugabi aliwania taji la dunia la uzani wa kati mara ngapi? Mara mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Hagler. Ya pili ni 1991, London, dhidi ya Gerald McClellan, na haikupita raundi ya kwanza. Ubingwa wa dunia aliupata, ndiyo, lakini ni wa uzani wa chini kidogo, mwaka 1989, alipomshinda René Jacquot kule Ufaransa baada ya Jacquot kuumia mguu raundi ya kwanza. Kwa uzani wa kati hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Usiku mmoja wa kushindwa kwa ushujaa haukuweki tano bora ya historia. Kama angekuwa Mmexico, mngemweka? Hapo sasa.

Twende kwa wanakili. Orodha zao wanamtaja Dick Tiger kama namba kumi na kitu, wengine hawamtaji kabisa. Jina lake la kuzaliwa ni Richard Ihetu, kutoka Amaigbo, Nigeria. Mwaka 1955 alienda Liverpool kutafuta riziki ya ngumi, na mapambano yake manne ya kwanza huko Uingereza alipoteza yote. Manne! Mimi na wewe tungekuwa tumepanda meli kurudi nyumbani. Yeye alibaki. Mwaka 1958, hapo hapo Liverpool, akachukua ukanda wa Jumuiya ya Madola. Oktoba 1962 akamshinda Gene Fullmer huko San Francisco akawa bingwa wa dunia, akiwa na miaka 33. Wakarudiana wakatoka sare. Wakarudiana tena Agosti 10, 1963, safari hii Ibadan, mbele ya watu wake, na Fullmer hakutoka kwa kona yake kwa raundi ya nane. Hakurudi ulingoni tena.

Naskia mtu anasema, "Lakini alipigwa na Joey Giardello." Ndiyo, Desemba 1963, na taji likaenda. Swali la tatu ni lipi? Ulirudi? Mwaka 1965 Tiger alimwangusha Rubin "Hurricane" Carter mara tatu kwa pambano moja, kisha Oktoba akachukua taji lake kutoka kwa Giardello yuleyule. Aprili 1966 akalipoteza kwa pointi kwa Emile Griffith. Wengi hapo wanastaafu. Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 37, akapanda uzani wa light-heavy akamshinda José Torres akawa bingwa wa dunia tena. Maswali yote matatu ameyajibu.

Kwa hivyo tano yangu ni hii:

1. Sugar Ray Robinson. Taji la uzani wa kati alilichukua mara tano, na alikuwa ametoka uzani wa chini. Sibishani.

2. Harry Greb, bingwa 1923 hadi 1926. Alikuwa kipofu wa jicho moja miaka ya mwisho na bado alipiga watu wakubwa kumliko. Gene Tunney, aliyekuja kuwa bingwa wa uzani wa juu, alipoteza pambano moja tu maishani, na ni Greb alimpiga.

3. Carlos Monzón wa Argentina. Alitetea taji mara 14 akastaafu akiwa bingwa. Nazungumzia ulingo tu. Nje ya ulingo alimuua mkewe akafungwa, na hilo lisifichwe kwa sababu ya mikanda.

4. Marvin Hagler. Alitetea mara 12. Mpaka leo watu wanabishana kama Leonard alimshinda kweli 1987.

5. Dick Tiger.

Bernard Hopkins? Alitetea mara 20, najua. Lakini ushindi wake mkubwa zaidi, Trinidad na De La Hoya, ulikuwa dhidi ya watu waliopanda kutoka uzani wa chini. Tiger alipiga watu wa uzani wake, kisha akapanda mwenyewe kwenda kwa wakubwa.

Sasa kwa nini hili linaniuma? Kuna kijana wa hapa kwetu anayepiga gunia la vumbi la mbao lililofungwa kwa mti nyuma ya nyumba yao. Ukikimbia saa kumi na moja asubuhi hapa Ndanai kila mtu anajua unatafuta nini. Ukirushia hewa ngumi, wanauliza kama umelogwa. Nilimuuliza anataka kuwa kama nani, akanitajia Wamarekani watatu. Nikamuuliza Mkenya wa uzani wa kati. Kimya.

Wilson Kiprugut wa Kericho alileta shaba ya mita 800 kutoka Tokyo 1964, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, na watoto huku wanafundishwa jina lake. Chris Sande alileta shaba ya uzani wa kati kutoka Seoul 1988. Aliyemzuia kwa nusu fainali ni Henry Maske wa Ujerumani Mashariki, aliyechukua dhahabu na baadaye akawa bingwa wa dunia wa kulipwa. Ni Olimpiki ileile ambayo Robert Wangila alishinda dhahabu. Wangila tunamkumbuka kidogo. Sande mmemsahau kabisa, halafu mnakesha mkipigania Mugabi.

Sande hayuko kwa tano yangu, na simweki kwa huruma. Lakini huyo kijana wa gunia nimempa majina mawili: Tiger, ajue mtu anaweza kupoteza manne ya kwanza na bado awe bingwa, na Sande, ajue hata Kenya imewahi kufika.

Mzee wa kibandani, najua mjukuu wako atakusomea hii. Ukitaka kumtoa Tiger, leta jina. Lakini ulete na mapambano yake, bendera uache nyumbani. Chai juu yangu.