Mgonjwa hakukataa dawa, alikimbia

Kusema mgonjwa wa sonona "amekataa dawa" ni kumwonea. Kwetu Kivu Kaskazini, Kongo, watu hukimbia. Vita vilipoingia Masisi-centre Januari 2025, kisha Walikale mwezi wa tatu, mama alibeba mtoto, sufuria na turubai. Vidonge vilibaki nyumbani.

Kingine ni maelezo. Amitriptilini, dawa ya sonona, hukausha kinywa na kuleta usingizi tangu siku za kwanza, ilhali moyo huanza kuwa mwepesi baada ya majuma mawili, matatu, hata zaidi. Asiyeambiwa hivyo na muuguzi ataacha, na nani wa kumlaumu? Tena akipata nafuu anadhani yamekwisha, kumbe anatakiwa kuendelea miezi 9 hadi 12 tangu dalili ziondoke.

Na muuguzi asianze na neno "sonona" (hata mimi nimelijulia redioni). Huku tunasema "mawazo mingi", na kila bibi anaelewa.

Kituo cha magonjwa ya akili cha Tulizo Letu kiko Goma. Kutoka Walikale ni mbali, na pengine njia imefungwa. Basi muuguzi wa kijijini amwandikie mgonjwa karatasi ndogo: jina la dawa, kipimo, tarehe aliyoanza. Aikunje pamoja na karte ya uchaguzi, maana hiyo hakuna anayekimbia akaisahau.